Majani ya Mtoni Sebuleni kwa Mdachi

Jamani, leo nimekutwa mkono umezama hadi kiwiko kwenye sanduku la kioo la samaki wa Bwana Mdachi!

Mimi ni mtumishi wake hapa Morogoro. Sebule yake ina giza, na majani ya majini mle sandukuni yanaoza. Alisema yakifa, nami niondoke.

Niliyabandua mtoni Uluguru, nikayazika mchangani kama napanda mgomba.

Jana mama kanicheka: "Kule mtoni yamezikwa, mwanangu? Si yameshika mawe, kivulini?"

Basi leo nayafunga kwenye jiwe mle majini, mara Bwana huyo mlangoni!



Akavuta kiti. Majani yakapepea taratibu, samaki wakapita chini yake. Chumba kikanukia mto wa kwetu.

"Hata kwetu kuna mto," akasema.

Moyoni nikamjibu: si urudi, basi.

Ninyi mngemjibuje?