Rufaa ya Dakika Mbili

Katika ofisi yetu ya mitihani kuna mtu anaitwa Kifungu. Jina alilopewa na wazazi wake limebandikwa mlangoni, lakini hata mhasibu akimtafuta huuliza, "Kifungu yupo?" Jina hilo amelitolea jasho. Mwanafunzi akija dirishani kuuliza lolote lile, Kifungu humjibu kwa kutaja kifungu cha kanuni za mitihani, kijifungu chake na ukurasa. Siku moja kijana wa mwaka wa kwanza aliuliza choo kiko wapi. Akaambiwa kuwa kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, mtahiniwa haendi choo katika nusu saa ya kwanza ya mtihani, na akienda lazima asindikizwe na msimamizi wa jinsia yake. Maskini, siku hiyo hapakuwa na mtihani wowote. Alikuwa amebanwa tu.

Mimi ni karani wa masjala. Meza yangu na yake zinatazamana mwaka wa tisa huu, kwa hiyo nikisema namjua, sibahatishi. Hufika ofisini saa mbili kasoro dakika kumi. Hupanga kalamu zake nne mezani: nyeusi, bluu, nyekundu na ya kijani. Ya kijani ni ya mkuu wa ofisi peke yake, na Kifungu huinunua asije mkuu akaihitaji siku moja akaikosa. Mkewe aliwahi kuninong'oneza kwamba watoto wao wakitaka kwenda kulala kwa shangazi yao huandika barua siku tatu kabla, na baba yao huwajibu kwa maandishi.

Nisimseme vibaya tu. Niliwahi kumuuliza, "Mzee, hizi kanuni zimekulisha nini?" Akavua miwani. Akaniambia kwamba enzi zake za uanafunzi, matokeo hayakubandikwa ukutani mpaka wakubwa wamalize kupiga simu. Rafiki yake wa chumba kimoja alifaulu kwenye karatasi na akafelishwa kwenye simu, nafasi ikaenda kwa mpwa wa fulani. "Kanuni haijui mjomba wa mtu, dada," aliniambia. "Ndiyo maana naipenda." Siku hiyo nilimwelewa. Siku nyingine nyingi, nakiri, nimetamani kumrushia mashine ya kubania karatasi.

Sasa sikiliza kisa chenyewe.

Chai ya ofisi yetu ni saa nne kamili mpaka saa nne na nusu. Katika nusu saa hiyo dirisha hufungwa, na barua ikiingia hulala mezani mpaka chai iishe. Ndipo Kifungu huzungusha muhuri wake wenye tarehe, saa na dakika, akaupiga. Hakuna palipoandikwa kwamba iwe hivyo. Ni mazoea tuliyoyakuta, na hakuna aliyewahi kujiuliza barua iliyolala mezani imefika au haijafika.

Msimu wa mitihani uliopita, saa nne na dakika saba, mwanamume mmoja aligonga kioo. Alikuwa dereva wa lori, bado ana funguo mkononi. Alisema mkewe ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtihani wake unaanza saa nne na nusu, lakini mama mkwe wake amekimbizwa chumba cha upasuaji alfajiri na mkewe ndiye mtoto pekee. Barua ya kuomba kuahirisha ilikuwa hii hapa, na ya daktari hii hapa. Nilizipokea mimi. Nikaziweka mbele ya Kifungu, karibu na sahani yake ya biskuti.

"Tuko kwenye chai," akasema, bila ubaya wowote.

Dereva akashukuru, akaondoka mbio. Mimi nikarudi kwenye kikombe changu. Ndiyo, mimi pia. Kifungu alimaliza chai, akasuuza kikombe, akakifuta, akakirudisha kabatini, kisha akapiga muhuri: saa nne na dakika thelathini na mbili. Kifungu cha tisa kinataka maombi yapokelewe kabla mtihani haujaanza. Akaandika kwa kalamu nyekundu: "Yamechelewa kwa dakika mbili. Hayakubaliwi."

Kwa mwanafunzi mwingine hilo lingekuwa balaa la kurudia somo. Kwa mama huyu lilikuwa ndio mwisho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, anasoma huku anafundisha, na mwaka huo ulikuwa wa mwisho anaoruhusiwa. Asiyefanya mtihani bila ruhusa huhesabiwa amefeli, na akifeli mwaka huo anafutwa chuoni, miaka sita yote inapotea hivi hivi. Akakata rufaa. Rufaa huamuliwa na mkuu wa ofisi, na jibu lilitakiwa litoke kabla ya Alhamisi saa tisa, kwa sababu mitihani maalumu ya walioahirishiwa ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Hapo ndipo mambo yalipochekesha, au yangechekesha kama si mama wa watu. Mkuu wetu alisafiri kwenda kwenye semina, akamwachia naibu wake ukaimu. Jumatano naibu akashikwa na jino, akaondoka ameshika shavu, na kwenye kikaratasi akaandika kwamba kaimu atakuwa afisa mwandamizi aliyepo. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Afisa aliyepo alikuwa mmoja.

"Hongera, mkuu," nikamwambia.

"Kaimu mkuu," akanisahihisha, lakini niliona anavyoitazama ile kalamu ya kijani.

Mtu mwingine angebaki mezani kwake akasaini tu. Kifungu hapana. Faili la rufaa lilikuwa kwake kama afisa, na lilipaswa kupelekwa kwa mkuu. Alhamisi mchana akaandika dokezo: "Kaimu Mkuu, naomba uamuzi wako." Tarishi alikuwa likizo, basi akalibeba mwenyewe, akavuka ukumbi, akabisha hodi kwenye mlango wa ofisi tupu. Akasubiri kidogo. Nilimwona kwa macho yangu anasubiri! Kisha akaingia, akasaini kitabu cha kupokelea, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kikubwa kinachozunguka. Miguu haikugusa sakafu vizuri.

Baada ya robo saa alirudi na faili, akalitupa mezani kwake, yaani mezani kwa afisa. Uso umemkunjamana.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Soma mwenyewe."

Kwa wino wa kijani palikuwa pameandikwa: "Afisa athibitishe barua ilifika saa ngapi."

"Nimefanya kazi miaka ishirini na mitatu," alisema Kifungu, "sijawahi kushukiwa!"

"Mzee, aliyekushuku ni wewe."

"Kifungu cha ishirini na mbili kinamtaka mkuu aulize. Angefanyaje?"

Akachukua kalamu nyeusi, akajibu: "Saa nne na dakika thelathini na mbili, kama muhuri unavyoonyesha." Akavuka ukumbi tena. Hodi. Kiti kikalia. Safari hii alikaa sana. Nilichungulia mlangoni nikamkuta ameinamia faili, kalamu ya kijani iko hewani, anatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa kazi ya nyumbani iliyonakiliwa. Aliporudi hakunitazama. Dokezo la pili lilisema: "Muhuri haukuulizwa. Ameulizwa afisa."

Nilitaka kucheka, nikaacha. Maana nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Barua ile niliiweka mimi, karibu na biskuti, saa nne na dakika saba. Saa ya ukutani iko juu ya kichwa chake, sikuwa na pa kuangalia pengine.

"Mzee," nikasema, "tulikuwa tunakunywa chai."

"Hujaombwa maelezo, dada."

"Niombe, basi."

Mungu wangu, akachukua karatasi akaniandikia rasmi: karani wa masjala aeleze kwa maandishi anachokijua. Nikamwandikia palepale. Barua ilifika saa nne na dakika saba, niliipokea kwa mkono wangu, nikaiweka mbele ya afisa, na mimi pia sikusema neno kwa sababu chai yangu ilikuwa ya moto. Miaka tisa namcheka mwenzangu, kumbe siku ile dirishani tulikuwa wawili.

Aliisoma mara mbili. Ilikuwa saa nane na nusu ya Alhamisi. Akanyanyuka, akaenda dirishani, akarudi, akafungua kanuni, akapekua kurasa zote kuanzia ya kwanza. Nilijua anachotafuta. Alitafuta kifungu cha kumwokoa yule mama bila yeye kusema kitu. Hakikuwepo. Kulikuwa na vifungu vya mafuriko, vya mgomo na vya kukatika kwa umeme. Cha afisa anayekunywa chai hakikuandikwa.

"Nikiandika hivi," akasema polepole, "watauliza barua nyingine ngapi zililala mezani."

"Watauliza."

"Miaka ishirini na mitatu, dada."

"Najua, mzee."

Akaketi. Akaandika kwa kalamu nyeusi, na sikuwahi kumwona akikiri kosa kwa maandishi: "Barua ilifika mapema. Nilikuwa nakunywa chai. Kosa ni langu, si lake." Akavuka ukumbi kwa mara ya mwisho, na safari hii hakubisha hodi. Saa tisa kasoro dakika nane alitoka na karatasi mbili za wino wa kijani. Moja ilikubali rufaa. Ya pili ilikuwa onyo la maandishi kutoka kwa Kaimu Mkuu kwenda kwa Afisa wa Mitihani. Lilikuwa kali, na halikuacha kitu. Akajikabidhi, akasaini kulipokea, nakala moja akaiweka kwenye faili lake binafsi, nyingine akaipeleka kwa bosi wa mkuu wetu. Kisha akapiga simu kwa mwalimu yule. Nilisikia mtu akipiga kelele upande wa pili, na Kifungu akisema, "Saa tatu kamili, mama. Njoo na kitambulisho."

Ijumaa nilikwenda ukumbini kama msimamizi wa pili, kwa sababu kanuni zinataka wawili hata mtahiniwa akiwa mmoja. Na alikuwa mmoja. Ukumbi una viti mia mbili, na Kifungu alikuwa amebandika ramani ya ukaaji mlangoni, yenye jina moja. Mama alikaa kiti namba moja, ameshika kalamu kwa mikono miwili.

Kifungu akasimama mbele, akasoma tangazo lote kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Watahiniwa wote mnaombwa kuzima simu. Watahiniwa wote mnakumbushwa kwamba mazungumzo hayaruhusiwi." Mama akageuka kuangalia nyuma, kama kuna wenzake. Niliuma midomo.

Alipofika mwisho wa tangazo hakugawa karatasi. Aliikunja ile ya tangazo, akaitia mfukoni.

"Mama," akasema, sauti sasa imeshuka, "kuna jambo hutalikuta kwenye barua ya kukubali rufaa. Barua yako ya kwanza haikuchelewa. Mumeo aliileta mapema. Mimi ndiye niliyekaa nayo, nikinywa chai. Nisamehe."

Mwalimu yule aliweka kalamu mezani. Nilidhani atasema basi, yamekwisha, kama watu wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Nilipigiwa simu kwamba nimekataliwa, mama yangu bado hajaamka," alisema. "Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mpaka muuguzi akanifukuza. Nikamchukia mume wangu kwa sababu ya dakika mbili. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo sijaweza kuyarudisha. Alikula kiapo kwamba alifika mapema, na mimi sikumwamini."

Kifungu hakutaja kifungu chochote.

"Ningependa kukasirika zaidi," mama akaendelea, "lakini una karatasi yangu mkononi, na mimi nina saa tatu tu. Naomba nianze."

Kifungu akampa. Mama akaipindua, akasoma swali la kwanza, na mara nikaona mabega yake yanashuka, jinsi mtu anavyotulia anapokutana na kitu anachokijua. Akaanza kuandika, kasi kweli.

Nilichukua kiti pembeni nikakaa. Nikamwashiria Kifungu naye akae, kuna viti tele. Akatikisa kichwa. Alisimama palepale, mikono nyuma, mwaka wa ishirini na tatu wa kazi yake, saa tatu nzima, na yule mama hakuinua macho kumtazama hata mara moja.