Ulanzi Juu ya Madigadi

Nimesimama Ilula kununua nyanya, na harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na petroli imenirudisha uani kwetu, siku ya harusi ya shangazi. Gari kuukuu la kifahari lililokuja kumchukua bibi harusi lilitetemeka mpaka vioo vikalia, na kengele ya kanisa ilishaanza kulia! Mama akaweka kikombe cha ulanzi juu ya madigadi ya gurudumu la mbele, apime mtetemo wa injini. Baba akawa anachomoa waya wa plagi na kuurudisha, mmoja baada ya mwingine. Kila alipochomoa, ulanzi ulizidi kurukaruka. Alipochomoa waya wa mwisho, ulanzi ukabaki vilevile, kana kwamba hakuna kilichochomolewa.

“Plagi iliyokufa ndiyo hiyo!” mama akapaza sauti.

Ikafungwa mpya. Ulanzi ukatulia tuli, nasi tukapiga vigelegele. Shangazi akafunua shela, akanyoosha mkono.

“Hebu nipeni hicho kikombe. Anayetetemeka sasa ni mimi.”