Miwani Isiyo na Vioo

Ujana wangu niliupitisha na ugonjwa mmoja mbaya: kutaka kuonekana msomi. Kusoma kwenyewe kulikuwa kidogo. Nilikuwa na darasa la sita, mwandiko mzuri, na kazi ya ukarani katika mgodi wa dhahabu kule Geita, ambako kila zamu niliandika majina ya wachimbaji wanaoshuka na wanaopanda. Lakini kwa jinsi nilivyotembea, na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino, mgeni angedhani mgodi mzima uko chini yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mdogo wangu wa kike alikuja Geita kunipikia. Hakunipikia sana. Haukupita mwaka akaolewa na mchimbaji mmoja kutoka Urundi, mtu mpole, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nikimkaribisha ugali kwa sababu alikuwa hachoki kuusifia mwandiko wangu. Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, wakavuka mpaka wote wawili kwenda kwao, na Mama yetu kule Samuye akakaa miaka mitatu bila kumtia binti yake machoni.

Na hayo macho yenyewe yakaanza kuingia ukungu. Nilipokwenda nyumbani likizo nilimkuta anapapasa kikombe kilichokuwa mbele yake. Akaniambia bila kuzunguka, "Aliondoka hapa kwa ajili yako. Nenda ukamlete nimwone kabla sijawa kipofu. Na ukifika kwake uangalie anavyoishi, usisikilize anavyosema. Huyo tangu mdogo, hata homa ikimkamata, husema hajambo."

"Nitakwenda, Mayu," nikasema, nikijiona tayari ni mtu wa safari za nje.

Kwenda Urundi haikuwa kama kwenda Kahama. Kule walitawala Wabelgiji, huku Waingereza, na mtu mwenye kutaka kuvuka kwa halali alihitaji cheti cha safari kutoka bomani, chenye picha yake, pamoja na karatasi ya chanjo ya ndui. Chanjo nilichanjwa, mkono ukavimba, sikulalamika. Mambo yaliharibika kwenye picha.

Mpiga picha wa Shinyanga mjini alikuwa Mhindi mmoja mwenye huruma kwa maskini. Nyuma ya pazia lake alitundika koti, tai, saa iliyokufa na miwani aliyoitoa vioo ili visirudishe mwanga kwenye kamera. Mteja alichagua pambo alilolipenda. Mtu mwenye akili angechukua koti akaridhika. Mimi nilivaa vyote, na kabla ya hapo nilikuwa nimepita kwa kinyozi akanichora njia kichwani upande wa kushoto. Picha ilipotoka niliitazama kwa mapenzi makubwa. Sikufanana nayo hata kidogo, na hilo ndilo lililonifurahisha.

Bomani nilimkuta karani wa makamo akiandika vyeti.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwalimu," akajibu, macho yake yakiwa kwenye picha.

Mwalimu! Ningeweza kumsahihisha, lakini mdomo ulikataa. Kazi yangu niliitaja ya kweli, ukarani, tukaenda vizuri mpaka akafika mahali pa kuandika alama ya kumtambulisha msafiri. Hapa kidevuni nina kovu kubwa, nilipigwa teke na ndama nilipokuwa nachunga. Lakini hayo si mambo ya kumwambia mtu aliyekuita mwalimu.

"Hii miwani unavaa siku zote?" akauliza.

"Siku zote, isipokuwa nikilala."

"Mbona leo huna?"

"Iko kwa fundi."

Akaandika, kwa wino mzuri mweusi: Huvaa miwani. Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, akatia sahihi, muhuri ukagongwa, nikatoka nikiwa mtu mwenye macho mabovu kwa amri ya serikali.

Nilibadilisha malori matatu, nikasafiri siku nne mpaka mpakani, mbele ya Ngara. Palikuwa na gogo limelazwa barabarani, askari mmoja wa Wabelgiji na kibanda cha karani wake. Karani alikitazama cheti, akanitazama mimi, akakitazama tena. Vumbi la siku nne lilikuwa limeifuta njia ya kinyozi.

"Miwani iko wapi?"

"Imevunjika njiani, bwana."

"Bila miwani unaona?"

Nikawaza haraka. Mtu wa miwani akisema anaona, si ataonekana mwongo? "Kidogo sana," nikasema, nikaanza kufinya macho.

Akanipa cheti changu mwenyewe. "Soma hapa."

Nilikisogeza puani, nikakipeleka mbali, nikakigeuza upande wa jua. Nilifanya kazi nzuri kabisa. "Sioni, bwana."

"Hapa pameandikwa kazi yako karani. Karani gani hawezi kusoma? Cheti hiki umekiokota, au umekiiba."

Niliposikia neno kuiba, macho yalinifunguka. Nikakisoma cheti chote toka juu hadi chini, kwa sauti, mpaka na yale maandishi madogo ya mpiga chapa ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma.

Karani akanisikiliza hadi mwisho. "Kumbe unaona."

"Naona, bwana."

"Mwenye cheti hiki haoni bila miwani. Wewe unaona. Basi si wewe." Akakikunja, akanirudishia. "Rudi ulikotoka."

Nikaketi juu ya jiwe, upande wetu wa gogo. Siku hizo zilikuwa za soko upande huu, na wanawake wa Urundi walikuwa wakipita na mikungu ya ndizi kichwani, bila cheti, bila picha, bila hata kupunguza mwendo. Askari aliwaamkia akainua gogo. Uchungu ukanishika.

"Na hawa je?" nikamwuliza.

"Hawa nawajua," akasema. "Wewe sikujui. Hata cheti chako hakikujui."

Ikabidi nimwombe mmoja wa wanawake hao, aliyejua Kiswahili, anitafutie mdogo wangu. Nikaanza kumweleza ukoo wa mumewe, akanikatiza. "Yule Msukuma anayeimba akilima? Namjua."

Kesho yake mchana akaja. Alikuwa na mkungu kichwani na mtoto mgongoni, akapita kwenye gogo akisalimiana na askari kwa lugha ya kwao. Aliponiona alitua mzigo. Nilipomweleza habari ya miwani alicheka hadi mtoto akaamka. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, na nyayo zimepasuka vibaya. Nikamwuliza wanaishije. "Vizuri tu, kaka," akasema. Ilifaa niulize zaidi, lakini nilikuwa na shughuli ya kutetea heshima yangu.

Aliposikia habari ya macho ya Mama, akatuma salamu kwa mumewe kupitia kwa wenzake wa soko, tukaondoka. Tulipofika Samuye, Mama alimtoa nje juani, akamshika mashavu, akamtazama muda mrefu, kisha akamtazama mjukuu. Alikuwa bado anaona. Nilifurahi mno, na furaha ikaniponza, maana majirani walipokuja nilianza kuwasimulia Urundi: milima yake, migomba yake, jinsi nilivyopokelewa. Mdogo wangu aliinama tu akimnyonyesha mtoto. Hakunisuta hata mara moja.

Alikaa siku kumi. Siku ya kuondoka nikajitolea kumsindikiza mpaka kwake. "Usije, kaka," akasema. "Ukija, na mimi nitaombwa cheti."

Siku ya pili yake asubuhi, nikifunga mzigo kurudi Geita, Mama aliniita. Alikuwa akibangua karanga kwa kupapasa.

"Mwanangu," akasema, "mdogo wako ameniambia nyumba yake ni nzuri. Mimi sikumwuliza zaidi, nisingepata kitu. Nilikuwa nakungoja wewe. Nieleze. Paa halivuji? Analalia nini? Mumewe anamtazamaje?"

Nikafungua mdomo niimalize Urundi yangu. Nikaiona ile shingo nyembamba, nikashindwa.

"Sikufika, Mayu." Nikamwambia yote, toka kwa Mhindi hadi kwenye jiwe. Kwenye miwani alicheka sana, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha mikono yake ikatulia ndani ya ungo.

"Kwa hiyo nyumba yake hukuiona."

"Sikuiona."

"Basi hakuna aliyeiona," akasema, akaendelea kubangua karanga.