Matiasi Chini ya Pikapu

Matiasi aliingia Tanzania mgongoni mwa mama yake, mwaka sabini na mbili, walipokimbia mauaji Burundi. Hakukumbuka chochote cha huko. Alikulia Runazi, akasoma hapo, akaenda Biharamulo mjini kujifunza ufundi wa magari, akarudi na kumwoa Esperansia, Msubi wa kijiji hicho hicho. Wakapata watoto. Miaka ya tisini, tangazo la serikali lilipotoka kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini, mwenyekiti wa kijiji alimwambia asihangaike.

"Wanatafutwa waliokuja juzi," alisema. "Wewe ni wetu."

Asubuhi moja alikuwa chini ya pikapu kuukuu ya mzee Frednand, mwenye duka. Jiwe la njia ya Nyakanazi lilikuwa limetoboa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili yote ikamwagika. Gari lile lilikuwa halitoi sampo kirahisi, maana chini yake ulipita mhimili wa chuma. Ilibidi Matiasi ailegeze injini, aining'inize kwa mnyororo kwenye gogo, ndipo aingie chini. Alishafungua bolti zote. Sampo ikashuka kidogo, ikagoma. Mdomo wa pampu ya oili ulikuwa umenasa kwa ndani. Alikuwa ameishikilia juu ya kifua, macho yanamwasha kwa oili, haishuki wala hairudi, alipoona buti zimesimama karibu na tairi.

"Toka huko."

"Naomba nimalizie hapa, afande. Nimeshika kitu."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa."

Buti ziligeuka. "Mzee, huyu ni wa wapi?"

Frednand alimjua tangu akiwa mtoto wa shule. Neno moja tu lingetosha.

"Ni fundi wangu," Frednand alisema.

"Sijakuuliza kazi yake."

"Alikuja na mama yake," mzee akasema polepole. "Lakini zamani, afande. Zamani sana."

Matiasi alihisi kama injini imemshukia, ingawa mnyororo haukusogea. Akawaza kutokea upande wa pili akimbilie kwenye mihogo. Akageuza shingo, upande ule nao ulikuwa na buti. Hakuwa na la kufanya ila kazi iliyokuwa mikononi. Akaipindisha sampo kidogo kushoto, ikaachia, akaiweka chini taratibu, akatoka.

"Ninawe mikono?"

"Utanawia mbele ya safari."

Lori la askari lilikuwa limeshajaa watu. Frednand akamfuata mpaka nyuma yake.

"Nisamehe, Matiasi. Niliogopa."

Matiasi akashika ubao wa lori. "Injini isilale juu," alisema. "Ule mnyororo ni mchovu."

Kambini, Ngara, alipewa hema la turubai. Majirani walizungumza Kirundi. Yeye alikielewa, lakini mdomo wake ulijibu Kisubi na Kiswahili, wakamwita Mtanzania. Kutoka nje ya mpaka wa kambi bila kibali kulikuwa kosa. Alijifariji kwa jambo moja: Esperansia na watoto walikuwa nje.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Esperansia akatokea mlangoni pa hema na watoto na furushi kichwani. Pale mapokezi alikuwa amesema yeye ni Mrundi, akautaja mlima wa kwao mama yake Matiasi kule Burundi. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Kwa nini umefanya hivi?" Matiasi aliuliza. "Wewe una kwenu."

"Shamba nimemwachia kaka," alijibu, akishusha furushi. "Watoto wanakuulizia kila siku. Nimechoka kuwadanganya."

Alitaka kumwambia arudi kabla wino wa jina lake haujakauka kule mapokezi. Lakini mtoto mdogo alikuwa ameshamng'ang'ania mguuni, Matiasi akainama kumbeba.

Hema halikuwatosha. Akachukua panga, akaenda kutafuta miti ya kuliongeza. Alizunguka mpaka pale aliporuhusiwa kufika, akarudi mikono mitupu. Miti yote ya upande wa ndani wa mpaka ilikuwa imekwisha kukatwa.