Dropsy ya Kuka

Msimu ule nyumba yetu ya Abu Hamour ilinukia mafuta ya mkaratusi. Yalikuwa ya Kuka, kama sisi Wabukusu tunavyomwita babu. Alikuwa baba yake mama, na alikuja Doha kututembelea miezi ya baridi, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Kila asubuhi aliyapaka kifuani, akavaa sweta juu ya shati, kisha akaketi mlangoni kuota lile jua la upole ambalo huku hulipati kiangazi. Ujanani alikuwa msaidizi wa wodi katika hospitali ya misheni magharibi mwa Kenya, na Kiingereza chake alikiokota kando ya vitanda, kwa masista wazee wa Kizungu. Kwa hiyo kilikuwa Kiingereza cha magonjwa, tena cha kale. Kifua kikuu kwake kilikuwa "consumption", neno alilonieleza kuwa ni kuliwa kidogo kidogo ukiwa hai. Pepopunda aliiita "lockjaw", akakaza meno kunionyesha jinsi taya linavyojifunga. Homa ya kutetemeka ilikuwa "ague". Niliyapenda maneno hayo kupita hadithi yoyote, nikayapeleka shuleni, na wenzangu wakadhani nimeyabuni.

Ijumaa moja, siku ya ibada kwetu huku, tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani Mesaimeer. Kuka hakuwahi kuingia kanisani bila viatu vyeusi vilivyong'arishwa, lakini siku hiyo alitoka chumbani na ndara. Niliinama nimsaidie kuvaa viatu; havikuingia. Miguu ilikuwa imefura, ngozi inang'aa, na nilipoigusa kidole changu kiliacha shimo ambalo halikufutika upesi. Alinitazama akatabasamu kwa shida. "Ni dropsy, Nekesa," akasema kwa sauti ya chini. "Maji yamenijaa." Kwa mara ya kwanza hakunifafanulia ugonjwa kwa vituko.

Mama alikuwa muuguzi. Nilimkuta akipiga pasi, nikamuuliza, "Mama, dropsy hutibiwaje?" Akaisimamisha pasi.

"Umelisikia wapi neno hilo?"

"Kwa Kuka. Anasema anayo."

Alizima pasi, akaenda moja kwa moja chumbani kwa baba yake na kumwomba aonyeshe miguu. Kuka alikunja suruali polepole, kama mtu anayevuliwa heshima. Kumbe alikuwa akivimba kwa muda, akiificha miguu chini ya soksi nene, na usiku akilala ameketi kwa sababu pumzi ilimkatikia akilala chali.

"Nikatie tiketi, Rosa," akasema. "Nataka nizikwe kwetu."

"Nani amesema unakufa, Baba?"

Ndipo akatusimulia, tukaelewa. Katika wodi yake, wenye dropsy walilazwa vitanda vya karibu na mlango. Masista waliwatoboa miguu kwa vijibomba vyembamba vya fedha, maji yakadondoka kwenye karai, na kazi yake ilikuwa kulimwaga karai hilo. Alimwaga makarai mengi. Wengi wa wale wagonjwa hakuwaona wakirudi nyumbani. Mama aliketi sakafuni, akaikumbatia ile miguu.

"Hakuna atakayekutoboa, Baba. Ni moyo umechoka, hausukumi damu vizuri. Siku hizi ni vidonge."

"Vidonge tu?"

"Vidonge, na chumvi utaiacha."

Kanisani hatukwenda, tulikwenda hospitali. Kuka alimwambia daktari, Msudani mpole, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kwamba amekuja na "the dropsy". Daktari hakucheka. Alimwonyesha moyo wake ukicheza kwenye skrini, na Kuka, ambaye alikuwa ameosha maiti lakini hajawahi kuona moyo ukifanya kazi, akasahau kuogopa. Vidonge vilimpeleka chooni siku nzima, na kila akitoka alitutangazia kwa fahari kama mtu aliyeshinda mbio. Kabla msimu haujaisha alirudi Bungoma miguu ikiwa myembamba tena, akaendelea kulima mahindi yake hadi nilipomaliza sekondari.

Sasa mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo hapa hapa Doha. Maneno ya Kuka hayamo tena kwenye faili zetu, na mashine tulizo nazo zingemshangaza. Hata hivyo sidhani majina yetu mapya ni ya upole zaidi. Wiki iliyopita nilimkuta mlinzi kijana Mkenya, anayeishi Sanaiya kwenye mabweni ya wafanyakazi, akivaa nguo zake ili atoroke kitandani. Alikuwa ameambiwa ana "heart failure".

"Sista, wamesema moyo umefeli," akaniambia. "Sasa nakaa hapa nikingoja nini?"

Nilivuta kiti. Nilimuuliza amewahi kumwona nani akiugua hivyo, akanisimulia habari za shangazi yake, aliyefia njiani akipelekwa zahanati. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamweleza kwa Kiswahili kwamba moyo wake unapiga, ila umedhoofika, na dawa yake iko mkononi mwangu. Aliitazama dawa, akanitazama mimi. Akavua viatu, akapanda tena kitandani, akauliza kama chai inaruhusiwa.