Swichi ya Wodi ya Wazee

Mke wangu ni fundi wa mitandao hospitalini, na ukimwambia swichi ni ile ya kuwashia taa atakununia mpaka chai ipoe. Swichi zake ni masanduku yenye matundu ya waya, yanayopitisha habari kutoka mashine hadi mashine. Kila wodi ina njia mbili: moja ikikatika, swichi hushauriana na kufungua ya pili. Swichi mpya hukubaliana kufumba na kufumbua. Za zamani hungoja kwanza, nusu dakika nzima. Na mpya ikiunganishwa na ya zamani, hulazimika kuzungumza kizamani.

Kongwe kuliko zote ilikuwa ya wodi ya wazee, na humo ndimo alimolazwa mama mkwe, moyo umechoka. Mashine yake ilipeleka mapigo kwenye skrini ya manesi, mwisho wa korido. Njia ikibadilika, skrini ilikuwa tupu nusu dakika. Wakubwa waliona ni jambo dogo, maana si mama yao. Mke wangu aliwasumbua mpaka swichi mpya ikanunuliwa, akaifunga mwenyewe, kisha akakimbilia kitandani.

Mama alikuwa mzito wa kusikia miaka mingi.

"MAMA, NIMEBADILISHA! NIMEBADILISHA!" alipaza sauti, polepole, mara mbili, kama alivyozoea kusema naye.

"Umebadilisha nini, shuka?"

Tulicheka sote, hata nesi.

Wiki hiyohiyo mafundi wa dari walikata waya. Mke wangu alikuwa amesimama palepale kwenye meza ya manesi. Skrini ikawa tupu, naye akaitazama akijua itarudi mara moja. Haikurudi. Ilipowaka, baada ya nusu dakika nzima, mstari wa mama ulikuwa umelala. Walimkimbilia, wakahangaika naye, wakashindwa.

Daktari alisema moyo ule ungesimama tu, skrini iwepo isiwepo. Siku nyingine namwamini, siku nyingine natamani kumtukana.

Baada ya maziko mke wangu alirudi kazini akatafuta chanzo. Kati ya swichi kuu na wodi kulikuwa na kisanduku cha kuunganishia waya mrefu. Alipong'oa swichi ya zamani, kisanduku kilibaki kimewaka, kwa hiyo swichi kuu iliona waya bado uko hai, haikujua kama mwenzake ameondoka. Iliendelea kuzungumza kizamani, na ile mpya, kwa adabu za mgeni, ikawa inaijibu vivyo hivyo.

"Nilijua," aliniambia, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. "Ni amri moja tu, ya kuiambia iulize upya mwenzake ni nani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumwambia mama."

"Usijibebeshe, mke wangu. Daktari si amesema?"

"Daktari anajua swichi?"

Iliniuma, na bado inaniuma.

Amri ameshaitoa. Sasa wodi ile hubadili njia kabla nesi hajapepesa jicho. Nyumbani tumebaki wawili, na masikio yangu ni mazima kabisa. Jana nilikuwa chumbani, mlango wazi, akaniita kutoka jikoni.

"CHAKULA TAYARI! CHAKULA TAYARI!"

Polepole, mara mbili. Nadhani alisikia sauti yake mwenyewe. Nikainuka upesi, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"NAKUJA! NAKUJA!"