Mfuko Wenye Doa la Wino

Blanketi la sufu lililokaa sandukuni lina harufu yake, na mimi nikiisikia, hata kwa jirani, moyo hunidunda kana kwamba bado nina miaka tisa. Kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, akina mama wa mji wetu wa Kamina walileta mablanketi yao kanisani kwetu, wakayatundika madirishani mchana kweupe, kwa sababu lori la sinema lilikuwa limefika na giza lilihitajika. Blanketi moja lilikosa msumari, nikapewa kazi ya kulishikilia pembe. Nyinyi mnaoringia sinema za simu hamjawahi kushika giza kwa mkono!

Ila nyumbani kwetu hapakuwa na raha. Mama alikuwa ameugua ukoma, akapelekwa kijiji cha wagonjwa, mbali, na sisi tukakatazwa kumfuata. Hakujua kuandika. Masika yale abiria mmoja alishuka treni akamwambia baba, karani wa stesheni, kwamba mama amekufa. Shangazi, dada yake baba, akalidaka neno hilo: lisemwalo lipo, tukae kilio, tunyolewe vichwa, kisha baba aoe. Nyanya mzaa mama, tuliyemwita Nkambo, kama Waluba tunavyomwita kila bibi, alikataa katakata. Alimshonea mama robe, yaani gauni, mpya nyeusi, na kitambaa kilipopungua akakata blauzi yangu kuukuu ya shule, nyeupe, akaifanya mfuko wa kifuani. Mfuko huo ulikuwa na doa la wino lililowahi kuniletea fimbo. Akaituma robe kwa treni.

“Unavalisha kaburi,” Shangazi alimwambia.

“Kama alikufa, robe itarudia,” Nkambo akajibu.

Haikurudi, lakini habari nayo haikuja. Mwishowe baba alichoka, akakubali kilio kiwe Jumamosi. Mbuzi akafungwa nyuma ya jiko, na Shangazi akanunua wembe mpya. Sinema ilikuja Alhamisi.

Filamu ilionyesha namna ya kuwatunza wagonjwa wa ukoma, na mtu wa lori alikuwa akieleza kwa kipaza sauti. Kwenye shuka iliyotundikwa mbele kuwa kiwambo tuliona miguu ikioshwa, bandeji zikikunjwa, mzee asiye na vidole akilishwa uji. Wengine walifumba macho. Kisha mwanamke mmoja akainuka na beseni, akageuka, akacheka na pengo lake. Kifuani alikuwa na mfuko mweupe, na kwenye mfuko, jamani, doa langu!

“Ule njo mama yangu! Iko muzima!”

Nilirusha mikono juu, na blanketi nikaliachia. Jua likamwagika ndani, shuka ikawa nyeupe tupu, mama akafutika. Kanisa zima likanizomea. “Weye mutoto unaota,” Shangazi alisema. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimemfukuza mama kwa mkono wangu mwenyewe. Ndipo baba, mtu asiyewahi kupaza sauti, akasimama na kofia mkononi: “Bwana, tafazali, rudisha nyuma kidogo.”

Mtu wa lori alirudisha. Wamama watatu walikimbilia blanketi langu, na pembe ya chini ilishikwa na Shangazi mwenyewe! Mama akainuka tena na beseni, akacheka tena, doa likaonekana. Nkambo alipiga magoti mbele ya shuka, akapiga makofi polepole, kama Waluba tunavyosalimia kwa heshima, na kanisa lote likampigia mama pamoja naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mbuzi tulimla Jumamosi hiyohiyo, kwa nyimbo, kila mtu na nywele zake kichwani, na Jumatatu baba, katazo au bila katazo, akapanda treni kwenda kumwona mama.

Mama alirudi nyumbani baada ya miaka miwili, vidole vimefupika. Alipomsalimia Nkambo, makofi yake hayakutoa sauti. Nkambo akaikamata mikono ile katikati ya mikono yake, akampigia makofi yeye.

Siku hizi filamu za wagonjwa na wanaowatunza zimejaa, na hakuna anayeziba dirisha. Wajukuu wangu huzipitisha kwa kidole, hata uso wa mtu hawajaufikia. Mimi kila atokeaye nampigia makofi, nao hunicheka: “Nkambo, bale habakusikie!”

Najua hawanisikii. Nawashika kidole na kuwaambia, “Ngoja kwanza. Ule iko mama ya muntu.”